Kwa Nini Kidomo Hatoi Mikono Mfukoni

Jumamosi benchi la nje kwa kinyozi huwa halitoshi. Gazeti ni moja, la kinyozi mwenyewe, wasomaji ni wengi, na hakuna anayejisumbua na ukurasa wa mbele. Wanafungua moja kwa moja kwenye katuni kumtazama Kidomo, yule mzee anayejua kila kitu na hajawahi kupatia hata kimoja. Mchoraji haweki jina. Hapo kijiweni hakuna anayemjua, isipokuwa Fundi Rangi, mchora mabango ya maduka, mtu wa maneno machache anayekaa mwisho wa benchi na kikombe chake. Yeye anamjua vizuri mno, kwa sababu ndiye yeye.

Utauliza anaficha nini. Anaficha nafasi yake ya kukaa. Maneno ya Kidomo yote yameokotwa hapohapo, na mengi yametoka kinywani mwa Profesa, mtunza stoo mstaafu ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. Wakijua tu, Fundi Rangi ajitafutie benchi jingine. Na tangu amzike mama yake mwezi uliopita, nyumba imekuwa kubwa na kimya, hana pengine pa kukimbilia.

Siku hiyo kinyozi ndiye aliyeanza, kasimama mlangoni, mashine mkononi, mteja ndani nusu kichwa. Alilalamika kwamba huyu mchoraji hathaminiwi, watu wanacheka tu, sanaa hawaioni.

— Tazameni mikono. Kidomo hajawahi kutoa mikono mfukoni. Mnajua maana yake?

Hawakujua, akawaeleza: huyo ni mtu mwenye uwezo aliyenyimwa nafasi. Fundi Rangi akanywa kahawa yake kimyakimya. Vidole vilimshinda tangu shuleni. Kila akivichora vinatoka ndizi.

Dereva wa lori akasema mikono si kitu, siri iko kwenye magari. Yote yana matairi mawili. Kinyozi akamwambia ni kwa sababu yamechorwa ubavuni. Dereva akaonyesha gari lililochorwa kwa nyuma, likitoka barabarani kwenda kuingia mtaroni. Mawili vilevile, moja mbele, moja nyuma, kama baiskeli. Alichotaka kusema mchoraji, kwa mujibu wa dereva, ni kwamba safari zetu zote ni za nusu. Fundi Rangi alishtuka kidogo. Hilo la matairi hakuwa amelijua.

Profesa aliwaacha wamalize, maana yeye hasemi mapema. Kisha akaweka kidole juu ya doa la kahawia lililokuwa angani, kwenye katuni ya wiki hiyo. Akasema hiyo ni dunia nyingine inakuja, na mtu mmoja hawezi kuona mbali kiasi hicho. Mchoraji si mtu, ni kamati. Fundi Rangi akakumbuka kikombe kilivyopinduka mezani kwake Jumatano. Akathubutu kuuliza:

— Na huyu Kidomo, Profesa, humfananishi na mtu?

— Wajinga wa aina hiyo wamejaa mtaani. Bahati nzuri hapa hatuna.

Wakaendelea hivyo, kamati ikapewa wajumbe na mwenyekiti. Fundi Rangi alicheka moyoni, ila kicheko hakikufika mbali. Kila alichoshindwa walikisifia. Alichokifanya kwa roho yake yote hawakukigusa. Nyuma ya Kidomo, ghorofani, kulikuwa na dirisha, na dirishani mama mmoja mdogo kama punje ya mchele, na kilemba chake, akitazama chini mtaani. Huyo ndiye aliyechorwa kwanza kila wiki. Miaka ilivyokwenda alimvalisha miwani, akampinda mgongo. Mwezi huu wote dirisha limefungwa. Hawakumwona alipokuwepo, hawakumkosa alipoondoka, na hilo lilimuuma Fundi Rangi kuliko alivyotaka kukubali.

Ndipo akaja mgeni, nesi aliyehamia mtaa wa pili, kumsubiri mumewe anyolewe. Akaliomba gazeti, akaliangalia, akakunja uso.

— Samahani, kaka zangu. Yule mama wa dirishani kaenda wapi?

— Mama gani? akasema kinyozi.

Akawaelekeza. Kinyozi akabisha, akaenda ndani kuchambua magazeti ya zamani anayotandika chini kukusanyia nywele, akarudi nayo mikononi, mdomo wazi. Yumo. Yumo katika yote. Profesa hakuchelewa: kamati imemhamisha.

Nesi hakucheka.

— Mimi namtafutaga yeye kwanza. Mwezi mzima dirisha limefungwa, nina wasiwasi naye.

Fundi Rangi akakiweka kikombe chini. Angeweza kuiachia kamati ibebe mzigo huo. Lakini kumbe kulikuwa na mtu, mahali fulani, aliyekuwa akimsalimia mama yake kila Jumamosi.

— Alifariki, dada. Hawa wanamjua. Walimbeba wenyewe. Profesa alishika jeneza upande wa mbele.

Kinyozi akayaweka magazeti benchini. Dereva akamtazama Fundi Rangi, akatazama rangi iliyokauka kwenye kucha zake. Profesa akalichukua gazeti la zamani, akalisogeza karibu na macho.

— Bi Mkubwa, akasema taratibu. Ni Bi Mkubwa kweli, Mungu amrehemu. Na kilemba chake.

Akamtazama kwa muda. Kisha macho yakashuka polepole kutoka dirishani hadi barabarani, yakatua kwa Kidomo, na hapo yakakaa.

— Sasa, Fundi, huyu wa chini ni nani?

Benchi zima likatazama vikombe.