Alama za X Tulizojichorea Wenyewe

Mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, na madereva mliozima injini ili tusikilizane, shikamooni.

KARIBU
Umetukuta na ovaroli safi. Usizizoee, ni za leo tu. Tumefurahi kukuona, na hilo tunalisema kwa moyo mmoja.

TULIKOTOKA
Sisi ni mafundi matairi, mafundi umeme wa malori na mama lishe. Barabara hii kuu inapita nchi saba, na malori yake hupumzika hapa kwetu. Miaka mingi tulikula vumbi. Leo lami imefika mlangoni.

MAFANIKIO
Tunajua kusema "tairi limepasuka" kwa lugha tano. Ya sita tunatumia mikono. Dereva mmoja wa mbali ameoa binti wa mama lishe wetu mkuu. Siku hizi akiingia anazima muziki, maana hapa ni ukweni.

CHANGAMOTO
Ni moja, na tumejitakia. Wapimaji walichora X nyekundu kwenye mabanda matatu. Mwenyekiti wetu akasema, "Wenzenu wanaandikishwa nafasi kwenye kituo kipya cha malori, nyie mmekaa tu?" Basi tukatafuta rangi ileile, tukajichorea mabanda thelathini na nane. Mama lishe mkuu alichora mbili, eti jiko lake ni kubwa.

Kumbe X maana yake bomoa.

Msimamizi wa ujenzi alicheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza akasema yeye anafuata alama, na tingatinga linaanza Jumatatu. Tukaleta mafuta ya taa tufute, akatuonya kwamba kufuta alama ya serikali ni kosa. Hapo kicheko kilitukauka. Mheshimiwa, tunaogopa. Hatuna pengine pa kwenda, na kazi nyingine hatuijui.

MAOMBI
Yale matatu yamo kwenye hifadhi ya barabara, yabomolewe. Wenye mabanda hayo tumeshawasogezea nafasi kwetu. Ramani ya wapimaji iko mezani kwako, nayo inaonyesha hayo matatu tu. Haya mengine tunaomba uyafute wewe, kwa mkono wako, maana wewe hakuna wa kukuonya. Brashi na rangi nyeupe hizi hapa. Utepe haukimbii, utaukata baadaye. Anza kwa mama lishe mkuu, kwake kuna kazi mara mbili.

Mwenyezi Mungu akupe afya, na mkono huo aubariki. Tunaomba mwakani tukusomee risala nyingine, tukiwa hapahapa.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi na Mama Lishe wa Kituo cha Malori, wote arobaini na mmoja.