Picha ya Jeni Iliyosomwa Kinyume

Benchi la Kinyozi, nje ya ukuta wa hospitali, hukaliwa na watu wanne na hubeba ubishi wa watu arobaini. Asubuhi hiyo Darubini, dada wa maabara, alifika uso umemshuka. Miezi miwili alikuwa akijifunza programu ya kompyuta inayoonyesha ni jeni zipi zinafanya kazi kwa fujo ndani ya uvimbe na zipi zimelala. Wiki tatu nyuma, kwa kiherehere tu cha mwanafunzi, alimwonyesha Fundi Viatu picha ya sampuli ya uvimbe wa mkewe, Mama Pacha: jeni za ugonjwa zote buluu, zimenyamaza. Mama Pacha akaacha kwenda kuchomwa dawa. Jana mkufunzi alikagua ile kazi, akashika kichwa. Programu hulinganisha sampuli mbili, ya nyama nzima na ya uvimbe; Darubini hakuiambia ipi ni nzima, nayo ikachukua ya kwanza kwenye orodha, yaani ya uvimbe wenyewe, ikaifanya ndiyo kipimo cha uzima. Kila kitu kilikuwa kinyume. Sasa amekuja kusema, na mdomo mzito.

— Karibu, mkombozi wetu! Fundi Viatu alimmiminia kahawa mwenyewe.

— Fundi, nina neno...

— Neno halina miguu, litangoja, Kinyozi alidakia. Hizo jeni zinanyamazaje? Mimi nasema zimeona haya. Shemeji anaimba akifua, zinasikia.

— Haya wapi! Ile dawa ya mwanzo ilizikaba koo, Fundi alisema.

— Basi zimehama! Mwenye nyumba wangu siku hizi anakohoa, unadhani zimetoka wapi? Tulieni jamani, ni amani tupu. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu!

— Hiyo si methali ya kufurahia, Darubini alisema.

— Ah! Methali ni methali, bibie.

Fundi alicheka, kisha sauti ikalegea.

— Jana kapika mwenyewe, Darubini. Kacheka. Nilishasahau anavyocheka.

Darubini aliweka kikombe chini. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Na hapo hapo Mama Pacha mwenyewe akatokea, kakonda, kabeba chakula cha mumewe, akaketi.

— Mdogo wangu, mbona hunitazami?

— Dada, nisamehe. Picha niliisoma kinyume. Zile jeni hazikulala, zinawaka. Kosa ni langu, si la mashine. Twende ukaendelee na dawa leo hii, nitakupeleka mwenyewe.

Fundi alitua birika chini.

— Na hizi wiki tatu nilizokaa nyumbani? Mama Pacha aliuliza. Ugonjwa umefika wapi?

Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Darubini zaidi.

Mama Pacha akainuka.

— Haya, twende, alisema, akatangulia yeye.