Asilimia Kumi na Tisa ya Jirani

Benchi la kijiwe lilikuwa nje ya kiwanda cha saruji, mkabala na geti, na mchana ule lilikaliwa na watu waliovimba kwa hasira. Asubuhi hiyo Katibu wa wafanyakazi aliitwa ofisini na meneja, akaonyeshwa karatasi moja: gesi zinazopasha dunia joto, viwanda vyetu asilimia thelathini na moja, viwanda vya nchi jirani kumi na tisa. Kwa hiyo tanuri namba mbili lizimwe, nasi tuwe wasafi kama jirani. Katibu akasaini. Watu arobaini na watatu hawana kazi kuanzia Jumatatu, naye ni mmoja wao, miaka kumi na saba kwenye tanuri hilo hilo. 

— Kumi na tisa! alifoka Winchi, dereva wa kreni. Wale? Mimi nimefika kule, bwana. Mabomba ya moshi unahesabu mpaka shingo inauma!

— Wanadanganya, alidakia Redio, mlinzi wa geti, ambaye hakuna habari isiyompitia. Siku ya kupimwa wanazima kila kitu. Mpimaji akigeuza kisogo, wanawasha.

— Afadhali hiyo, alisema Winchi. Moshi wao unavuka mpaka, unahesabiwa ukishafika kwetu!

— Wallahi! Basi tufunge mafeni mpakani. Makubwa, mia mbili. Turudishe uchafu wao.

— Na ng'ombe wao je? Nchi nzima ng'ombe, na kila ng'ombe anajamba! Wanajificha nyuma ya mikia, halafu sisi ndio tunaitwa wachafu.

Hakuna aliyecheka. Winchi alimpiga Katibu begani.

— Wewe huna kosa, kaka. Takwimu zilikuwepo mezani. Ungefanyaje?

Katibu alishukuru moyoni. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia maneno hayo, maana nyumbani hajui ataanzia wapi.

Dada wa cherehani, anayeshona viraka vya ovaroli za kiwandani, alikuja na mzigo wake akausikiliza ubishi akiwa amesimama.

— Samahani, kaka zangu. Hiyo thelathini na moja ni ya nini?

— Ya gesi, dada! Hujasikia?

— Gesi ipi? Yetu sisi, au yetu na yao pamoja? Mtu akiniambia nimkatie robo, namuuliza kwanza, robo ya jora zima la kitambaa au robo ya mita? Kama kila mmoja kapimwa kwa jora lake, na jirani ana ng'ombe wote hao na magari, kumi na tisa yake si inaweza kuwa kubwa kuliko thelathini na moja yetu? Jumla yao ni ngapi?

  Taratibu wote wakamgeukia Katibu.

— Wewe ndiye uliyekuwa mezani, Winchi akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya rafiki. Ulimuuliza meneja?

Katibu alitafuta uongo, hata mdogo. Hakuupata.

— Niliuliza tusaini wapi.