Uongo wa Ijumaa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha sayansi shuleni hapa, Mama Umejuaje anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Sisi wenzake wa chumba cha walimu tumeipokea habari hiyo kwa furaha tupu, wala hatuna hata chembe ya huzuni.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa kwanza kabisa, na alilipata kihalali. Ukimwambia mvua itanyesha, anakuuliza umejuaje. Ukimwambia chai imepoa, anakuuliza umejuaje, na haigusi mpaka umjibu. Hata barua ya kustaafu ilipofika, aliipeleka ofisi ya utumishi kuuliza wamejuaje kwamba ametimiza miaka sitini. Wakamtolea cheti chake cha kuzaliwa. Alikikagua pande zote mbili, akakubali shingo upande.

Lakini kilichompa sifa hasa ni Uongo wa Ijumaa. Kila Ijumaa aliingiza uongo mmoja katikati ya somo, kwa uso mkavu kabisa. Mwanafunzi akiunasa na kutoa sababu, anakalia kiti cha mwalimu mpaka kengele ilie. Anayepiga kelele tu kwamba huo ni uongo, sababu hana, anafuta ubao. Mwaka mmoja alifundisha kwamba nguo iliyolowa haikauki bila jua. Jumatatu iliyofuata mtoto mmoja akaleta soksi alizozianika siku tatu chini ya kitanda. Ushahidi ulipokelewa, madirisha yakafunguliwa, na mwenye soksi akapewa kiti kwa sharti kwamba kisogezwe mlangoni.

Wazazi walilalamika, tena si mara moja. Baba mmoja alikuja juu kwamba binti yake amemuuliza umejuaje mbele ya wageni. Mama Umejuaje alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akataka kujua wageni hao walikuwa wanaambiwa nini. Yule baba akafikiri kidogo, akacheka mwenyewe, akaaga.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa kidato cha pili, na bila yeye nisingemaliza shule. Siku moja, wakati wa mapumziko, mkuu wa shule akiwa kikaoni, dirisha la ofisi yake lilivunjika, nami nikakutwa nje na mpira mkononi. Nililia, nikaapa, wapi! Barua ya kunifukuza ilikuwa imeshapigwa chapa. Mama Umejuaje akaomba dakika kumi, akalileta darasa zima pale dirishani, na mkuu akapangwa mstari mmoja na sisi. Akauliza swali moja tu: vioo vimeangukia wapi? Vyote vilikuwa nje, kwenye maua. Ndani hapakuwa na hata kipande. Mpira uliotoka nje ungevisukuma ndani. Basi kilichovunja dirisha kilitokea ofisini. Tukachakura kwenye maua, tukaokota kiatu cha kike cha mguu wa kulia, na hapo tukaelewa kwa nini karani wa ofisi hiyo hakuwa ameinuka kitini tangu saa nne. Alikuwa amemrushia nyigu. Nyigu hakuguswa.

Mkuu aliichana ile barua mbele yetu sote. Karani, ambaye ndiye aliyeipiga chapa, aliniomba radhi huku amevaa kiatu kimoja. Bado tunaye kazini, na ameridhia niandike haya.

Jumatatu nalichukua darasa la Mama Umejuaje, na naogopa kweli kweli. Kuuliza nimejifunza kwake, lakini kudanganya kwa uso mkavu sijaweza. Hata humu nimejaribu uongo mmoja, nao mmeshaunasa tangu aya ya kwanza: eti hatuna huzuni. Sababu ninazo. Wiki nzima chumba cha walimu kimepooza. Mwalimu wa hesabu amekosea kujumlisha mara mbili. Karani analia tangu asubuhi, na nyigu hayupo.

Asante, Mama, kwa yote. Nenda ukapumzike, afya iwe tele na siku zako ziwe za raha. Tunakupenda mno. Na ukituuliza tumejuaje, kiti chako kipo pale pale. Njoo ukae, tutakueleza.