Walininyima Kozi, Wakanihukumu kwa Kukosa Kozi

Wazee wenzangu, akina mama, na ninyi mliokosa viti mkasimama mlangoni, mwangaluka. Mchungaji amenishika mkono hapo nje akaniambia, "Mzee, leo utushuhudie, lakini kwa upole." Nimemwitikia kwa heshima. Sasa nawaambia mapema, upole sikuja nao. Anayetaka ushuhuda wa upole avumilie kidogo, baada yangu yuko mama atakayetueleza mguu wake ulivyopona.

Mimi ni mtoto wa Goweko. Shule yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa naliingia vidole vimenata kwa kuvuna tumbaku. Niliingia jeshini sina mtu wa kunishika mkono. Hakuna mjomba aliyenipigia simu, hakuna baba mdogo mwenye cheo. Nilianza askari wa kawaida, nikaosha magari, nikajifunza kuyaendesha, nikajifunza kuyatengeneza, nikapanda ngazi moja moja, koplo, sajenti, afisa mteule, mpaka wakanivisha nyota za uafisa kichwa kimeshaanza mvi. Nikafika kapteni. Sisemi haya kwa kujisifu. Hapana, nasema kwa kujisifu! Nimeyatafuta mwenyewe, kwa nini nisijisifu?

Ndugu zangu, wengi hapa hamuijui sheria ya kule. Jeshini hatustaafu wote kwa umri mmoja kama walimu. Kila cheo kina umri wake. Kapteni akiufikia umri wa kapteni bado ni kapteni, anafunga virago. Mwenzake waliyezaliwa naye mwezi mmoja, akiwa meja, anabaki kazini miaka mingine. Akiwa kanali, anabaki zaidi. Kwa hiyo mkisikia fulani kapandishwa cheo, msidhani ni urembo wa begani. Ni miaka ya kazi. Ni ada ya mtoto, ni bati la nyumba, ni pensheni inayopimwa kwa kile ulichokuwa siku unatoka. Ukirukwa, hawajakunyima heshima peke yake. Wameusogeza mlango wa kutokea hadi miguuni pako.

Na ili kapteni awe meja, sharti apite kozi. Bila kozi, bodi ya vyeo haikutazami.

Mimi nilikuwa msimamizi wa magari ya kikosi. Jina langu lilipotoka mara ya kwanza kwenda kozi, nikafunga begi. Mkuu wangu akaniita ofisini, akanikalisha, akaniagizia chai. Ndugu zangu, nawaambia, mkubwa akikuagizia chai, jihadhari.

"Kapteni," akasema, "tuna ukaguzi unakuja. Ukiondoka wewe, magari haya atayawasha nani? Utakwenda mwakani."

Haki ya Mungu, nilitoka pale natembea kama jogoo. Nimesifiwa! Kikosi hakiendi bila mimi! Nikafungua begi, nikarudi chini ya lori.

Mara ya pili alikuwa mkuu mwingine, chai ileile. Safari hii ilikuwa mazoezi. Mara ya tatu chai ilikuja, sikuigusa.

"Afande," nikamwambia, "hii sasa ni ya tatu."

"Najua, najua. Lakini wewe ndiye nguzo ya kikosi hiki."

"Nguzo haziendi kozi, afande?"

Akacheka sana. "Ninyi watu wa Tabora mna maneno! Mwakani, bila kukosa."

Mimi sikucheka. Babu zetu waliokwenda pwani kwa miguu na mizigo ya watu walilijua jambo hili. Mpagazi mwenye mabega mazuri ndiye aliyepewa pembe nzito ya ndovu, na mlalamishi akapewa furushi la nguo. Lakini hata wale, jamani, wakifika pwani wote walihesabiwa wamefika. Hakuna aliyeambiwa, "Wewe ulibeba mzito mno, kwa hiyo hujafika." Hilo nimelisikia mimi.

Bodi ilikaa. Wakauliza kuhusu mimi, wakajibiwa, "Mchapakazi, lakini hana kozi." Mtu aliyekuwamo ndiye aliyenisimulia. Na aliyejibu hivyo, mwajua ni nani? Ni yule yule wa chai ya tatu! Hakuna aliyeuliza kozi hiyo nani kanizuia. Bodi ikakaa tena safari nyingine, jibu likawa lile lile. Wanaificha ngazi, halafu wanakuandika mvivu wa kupanda. Kisha umri wa kapteni ukanifikia, nikaambiwa basi.

Siku ya kuniaga walipika pilau. Mkuu akasimama, akasema kikosi kinampoteza mtu ambaye hakiwezi kukaa bila yeye. Nikamtazama. Nikajiuliza, mbona sasa mnakaa?

Nikarudi Tabora, nyumbani kwangu Mtendeni. Hapo ndipo nilipoanguka, na nitawaeleza nilivyoanguka. Sikunywa pombe, sikumpiga mtu. Nilifunga geti. Maana kule Goweko, tangu jina langu lilipotoka mara ya kwanza kwenda kozi, ndugu walishaanza kuniita Meja. Meja anakuja Krismasi. Meja ametoa mabati ya shule. Sasa nirudije, niseme mimi si meja wala sitakuwa? Mtu akibisha hodi, namtuma mke wangu aseme nimesafiri. Kanisani nikaacha kuja, na ninyi mnajua. Sokoni nikaacha. Mama yangu mzazi alikuwa hai kule kijijini, nikawa nampelekea mahitaji kwa mkono wa watu.

Mke wangu alivumilia. Siku moja nilimfokea kwa ajili ya maji ya kuoga, akaweka ndoo chini.

"Baba, hapa si kambini," akasema. "Hapa hakuna wa kukupandisha wala wa kukushusha. Maji yale pale."

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma mpaka leo. Binti yangu naye yumo jeshini, ni afisa, luteni. Yeye kasoma, si kama mimi. Akapiga simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Jina langu limetoka, la kozi. Lakini mkuu wangu ananiambia nisubiri, ofisi inanitegemea. Nifanyeje?"

Moyo ulinipasuka. Maneno yale yale! Walishanila mimi, sasa wameanza na mtoto. Na mimi nilimwambia nini? Nilimwambia, "Mwanangu, usihangaike. Kaa hivyo hivyo. Kozi zina wenyewe." Nikakata simu.

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele, akasimamisha ungo.

"Umemwambia nini mtoto?"

"Ukweli."

"Ule si ukweli. Ile ni aibu yako. Unairithisha na hujafa."

Nilikuwa bado na jeuri ya geti.

Haukupita muda mrefu, mama akafariki. Hapo geti halikuwa na kazi tena. Tukaenda Goweko, binti yangu naye akaja kwa ruhusa ya msiba. Nikakaa pembeni, kofia imeshuka usoni. Watu wananipa pole, "Pole Meja, pole sana Meja," na kila pole inaingia kama mwiba.

Mnafahamu kwetu Mnyamwezi hazikwi kimya kimya kama Mzaramo yupo karibu. Utani ule wa njia ya misafara waliouanzisha wameshaoza, sisi bado tunaendelea nao. Yuko mtani wangu, Mzaramo wa watu, fundi wa reli mstaafu, aliyehamia huku ujanani akaota mizizi. Tulipofika makaburini, akatokea na sufuria kichwani, kijiti cha muhogo begani kama bunduki. Akapiga saluti kwa mbuzi. Akashuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Umri wa cheo changu bado! Mkitaka kunistaafisha, mwiteni yule Mnyamwezi pale aliyejificha chini ya kofia! Yule aliyetengeneza magari yote ya jeshi, wenzake wakayapanda wakaenda zao, yeye akabaki ameshika spana!"

Habari zangu alizipata wapi, sijui hadi leo. Mke wangu akanishika mkono, akidhani nitarusha ngumi. Na kweli ngumi ilikuwa imeshajikunja. Lakini mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani msibani, umemwaibisha maiti, na maiti huyu ni mama yangu, na hazikwi mpaka huyu mpuuzi atoke. Sharti nimjibu, na nimjibu kwa utani, mbele ya ukoo mzima.

Nikasimama. Nikavua kofia.

"Toka humo, Mzaramo we! Mimi ni kapteni mstaafu. Umeja walininyima! Lakini spana ninayo bado, na usipotoka nitakifungua hicho kichwa nione kama ndani kuna kitu!"

Nikangoja. Nilidhani mbingu itaanguka, nimelisema. Badala yake nikamsikia shangazi yangu, dada yake baba, bibi kizee haswa, anamwuliza jirani yake kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Kwani kapteni na meja, mkubwa nani?"

Jirani akafikiri. "Si kapteni? Hata kwenye mpira, kapteni ndiye mkubwa."

"Basi mbona analalamika?"

Watu walicheka, ndugu zangu, walicheka mpaka wabeba jeneza wakaliweka chini. Mtani akatoka kaburini amejaa udongo, akanikumbatia, akanichafua suti. Na mimi nikacheka, kisha nikalia, nikamlilia mama yangu vizuri kwa mara ya kwanza. Muda wote ule nilikuwa nimejificha kwa watu wasiojua kapteni na meja yupi mkubwa!

Msinielewe vibaya. Hasira haikuisha pale, na sitaki mtu aniambie nisamehe nisahau. Jambo nililofanyiwa ni dhuluma, na mtu akinidhulumu kwa chai bado amenidhulumu. Ila siku ile nilitenganisha vitu viwili nilivyokuwa nimevifunga gunia moja. Aibu si yangu. Aibu ni ya aliyenizuia kisha akanishitaki kwa kuzuiwa. Nimemrudishia. Hasira ndiyo yangu, nimebaki nayo.

Jioni ile nilimwita binti yangu nyuma ya jiko la msiba.

"Yale niliyokwambia kwenye simu, yafute," nikamwambia. "Rudi kazini, omba kozi yako kwa maandishi. Mkuu wako akikataa, mwombe akatae kwa maandishi."

"Baba, atakasirika."

"Akasirike. Hasira yake itaisha. Umri wako haurudi."

Akaenda, akaomba. Yule mkuu aliikalia karatasi ile, akaiangalia, kumbe kuandika "hapana" na kuweka sahihi ni kazi ngumu kuliko kumwambia mtu "mwakani". Akamwachia. Binti akaenda kozi, akafaulu, akarudi. Na ile ofisi iliyokuwa inamtegemea? Ilifunguliwa kila asubuhi, ikafungwa kila jioni. Hakuna aliyekufa.

Mimi nina gereji sasa, malori ya tumbaku yananifahamu. Juzi juzi fundi wangu mkuu, mtu mzima mwenye watoto, aliniomba nafasi akasome umeme wa magari ya kisasa. Msimu umepamba moto! Neno "mwakani" lilishafika kwenye ulimi. Nikalimeza, lilikuwa chungu, nikamwambia nenda. Kazi imetuelemea, tunakoroga hivyo hivyo.

Namshukuru mke wangu, aliyeniambia kweli nikiwa mkali. Namshukuru mtani wangu, leo hayupo, ni Mwislamu na angekuwapo asingeniacha nimalize. Namshukuru shangazi. Nawashukuru ninyi mlioendelea kubisha hodi kwenye geti mkijua nipo ndani.

Vijana, shikeni hili moja. Siku utakapoambiwa mahali hapa hapaendi bila wewe, uliza siku hiyo hiyo, "Na mimi nitakwenda lini?" Wakikujibu kwa sifa, uliza tena.

Sasa mchungaji atasimama kuniombea. Baba mchungaji, nakuheshimu, omba afya, omba magoti yangu haya. Usiombe hasira initoke. Iache, bado ina kazi.