Mashahidi wa Mwezi

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, baraza ya mzee Kamaludin haikuwa na nafasi hata ya paka. Watu wamefuturu, kahawa yamiminwa, na redio haijasema neno la mwezi. Mwanakuu alisimama kando na karai lake la unga mkavu. Ikiwa Idi ni kesho, akande mahamri ya mtaa mzima usiku huu. Ikiwa bado kuna funga, akalale. Mgongo wake ulishachagua kulala.

— Idi kesho! Mwanawe Sufyan, wa kidato cha tatu, alikuja mbio, simu juu, picha ya mwezi kiooni. — Mwezi huu hapa!

— Hata mimi ninao, akasema Dzoro wa tuktuk, aitwaye Breki kwa kuwa hana.

— Na mimi! Kingi, aitwaye Profesa, akaruka.

— Na mimi, akasema mzee Kamaludin. — Mashahidi wanne wazima! Mwataka nini tena?

— Na haya mawingu? Mwanakuu akauliza.

— Bi Mwanakuu, simu za sasa hupenya mawingu, akasema Dzoro.

— Hunusa mwezi kabla haujaandama! Profesa akaongeza. — Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja.

— Basi nikande mahamri ya njiani?

Mwalimu Awiti, anayemfundisha Sufyan huko Ganjoni, akatokea na kikapu chake.

— Mwalimu, yasemwa wawafundisha watoto hawa kuchuja habari za simu, Dzoro akamchokoza. — Wamezaliwa nazo! Samaki afundishwa kuogelea?

— Na ndoana humezwa na nani, Dzoro? Haya Sufyan, darasani twaanza na swali gani?

Sufyan akakuna kichwa, kisha macho yakamwaka.

— Umeipata wapi! Mzee, nani kakutumia?

— Profesa.

— Mimi Breki, akasema Profesa.

— Mimi... wewe hapa, Sufyan! Dzoro akapiga paja.

Baraza ikaangua kicheko. Mashahidi wanne wamekuwa mtoto mmoja.

— Nawe? akauliza Mwalimu.

Kidole cha Sufyan kikapanda juu kiooni, juu zaidi, kikakwama.

— Grupu la shule. Namba haina jina.

— Na picha ni ya mwaka gani?

Profesa akaangalia simu. Mzee akaangalia kikombe. Dzoro akaangalia mbingu kati ya roshani mbili: mawingu matupu.

Mwanakuu akajitwika karai.

— Sufyan, keti na redio. Ikitangazwa, niamshe nikande. Isipotangazwa, niache. Na nyinyi mashahidi, asubuhi mkiona njaa, kuleni picha.