Siku Ukumbi Ulipobebwa Mabegani

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuta kiti, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mama seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Randa, kwa kuwa randa yake ya kulainishia mbao haikumtoka mkononi. Tumemzika juma hili.

Mama Randa ndiye aliyeutunza ukumbi wetu wa mikutano. Ukumbi ule umezidi umri wa yeyote aliye hai. Humo watu wameoana, wamepatanishwa, wameagwa. Ukiingia, shingo inainuka yenyewe: boriti moja nene inakatiza ukuta hadi ukuta, na hakuna ajuaye waliipandishaje. Binti yake anasema, "Mama akiingia pale alikuwa anashusha sauti, utadhani yuko mbele ya mkwewe."

Basi mwaka ule wa mvua kubwa kikaitishwa kikao cha kupiga kura. Ukumbi ubomolewe yajengwe maduka, au ubaki? Watu walijaa pomoni. Aliyeongoza upande wa kubomoa alikuwa kaka yake Mama Randa, mfanyabiashara. Ndugu wa tumbo moja wale walirushiana maneno mpaka waliohudhuria wakaona haya.

Mara, paa! Boriti ikapasuka. Ikabonyea, vumbi likamwagika, watu wakasongamana mlangoni.

Mama Randa akapiga kelele: "Mkisukumana tutakufa humu! Watoto na wazee watoke kwanza! Wenye nguvu, sogezeni meza, pandeni, wekeni mabega chini ya boriti!"

Wa kwanza kupanda alikuwa kaka yake. Wakamfuata wengine, wa kubomoa na wa kubakiza, huwezi kuwatofautisha. Mama Randa akavunja mabenchi, akasimamisha mbao zake ziwe nguzo, moja baada ya nyingine.

"Nilimwona dada yangu analia huku anapiga nyundo," kaka yake ametuambia. "Ule uzito uko begani, mti wenyewe unalia kama kiumbe. Nikaogopa, halafu nikaona fahari. Nikamwambia, dada, haubomolewi."

Watu wote walitoka hai. Narudia, wasikilizaji wapendwa: wote walitoka hai. Kura haikupigwa tena, na ukumbi umesimama hadi leo.

Kwa binti yake, kwa kaka yake, kwa wajukuu: poleni sana, msiba huu ni wetu sote. Na wewe unayenisikiliza, uliyenuniana na ndugu yako, mlango wa ukumbi uko wazi. Mchukue, nendeni mkakae.